Fimbo Tisa, Tofali Moja

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Makomredi wa mapambano! Hakuna anayenisikia humu ila mimi mwenyewe, najua. Lakini mkono wangu umezoea kuanza hivyo, na baada ya barua ya leo siwezi kuunyang'anya hata mazoea. Muhula mmoja nje ya chuo! Kosa: hotuba. Mada ya hotuba: maji katika mabweni. Wakuu hawakukana kwamba mabomba ni makavu. Walichokana ni haki yangu ya kulisema hilo kwa kipaza sauti.

Nimehamia Kansanga kwa shangazi Kulthum, dada mkubwa wa baba. Chumba kimoja kirefu, muzigo kama wanavyouita huku: futi kumi na sita kwa nane. Pazia katikati. Yeye upande wa ndani, mimi karibu na mlango. Begi moja, vitabu kumi na viwili, kipaza sauti.

Na fimbo! Fimbo tisa za kuvulia samaki, za mwanzi, kila moja futi kumi na mbili. Nilifikiri nimeingia ghala la silaha.

"Usiziguse kabla hujanawa," akaniambia shangazi, kabla hata hajanikaribisha chai.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeamka nikiutazama ukuta. Lazima niuandike. Sijawahi kuona jambo lililofikiriwa kikamilifu hivi katika nafasi ndogo hivi.

Fimbo zimelazwa kufuata ukuta mrefu, ule usiopigwa na jua. Si juu karibu na mabati, maana joto la mabati hukausha mwanzi hadi ukapasuka. Si sakafuni, maana sakafu ina unyevu. Kimo cha bega la shangazi, mbali na sigiri ya makaa. Zimebebwa na vishikio vitatu vya mbao, vinavyoning'inia kwa kamba kutoka kwenye boriti. Vitatu, si viwili! Nikauliza kwa nini.

"Viwili, tumbo linashuka," akasema. "Mgonjwa ukimbeba kwa kichwa na miguu tu, mgongo unafanyaje?"

Kila kishikio kimevishwa kipande cha kanga kuukuu. Kila fimbo ina mfuko wake mwembamba, ulioshonwa kutokana na kanzu za marehemu mumewe. Mishipi imelegezwa. Ndoano zimefunguliwa na kuchomekwa kwenye kisigino cha kandambili. Na kamba zote zimepitishwa katika vifuniko vya makopo: panya akiteremka, anateleza. Alfajiri nimemsikia mmoja akianguka. Ushindi wa wazi.

Kila Ijumaa, baada ya sala, shangazi huzigeuza zote robo mzunguko ili zisizoee kulalia upande mmoja.

Nimesoma katiba za nchi saba. Sijaona ibara iliyotungwa vizuri kuliko ukuta huu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku ya Uhuru. Redio za majirani zote zinapiga gwaride, na uvuvi wa jana umesogezwa leo kwa ajili ya sikukuu.

Leo nimewaona wenye fimbo. Kumbe ya shangazi ni moja tu! Nane ni za wenzake, wanawake wanaokwenda naye Ggaba, ziwani, kuvua ngege na sangara wadogo. Faridah anakaanga chapati kando ya barabara. Nuriat ni Mnubi, msusi wa vikapu, mrefu kama fimbo yake. Wote wanane wanaishi katika vyumba vifupi kuliko fimbo, pamoja na watoto wanaocheza upanga na kila kitu kirefu. Kwa hiyo chumba hiki ndicho kabati la wote. Wasingekuwa na ukuta huu wasingekuwa na kikundi.

Nikauliza kwa nini wasizikate katikati na kuziunga kwa kipande cha bomba.

"Nilikata ya kwanza," Faridah akasema. "Sangara akashuka na nusu ya mbele. Mimi nikabaki ufukweni na mpini, kama mwalimu mkuu!"

Wakacheka hadi ndoo ikamwagika. Walirudi na ngege kumi na wanane. Kila fimbo ikapanguswa kwa kitambaa, kutoka shinani kwenda nchani, ikaanikwa kivulini, ndipo ikaruhusiwa kuingia mfukoni. Hakuna aliyemwamrisha mwenzake. Nimeongoza maandamano matatu na sijawahi kupata nidhamu ya namna hiyo!

Ijumaa, 10 Oktoba

Msiba. Nitauandika kwa utulivu.

Mzee Sylvanus, mwenye nyumba, amekuja na futi ya chuma. Anakigawa chumba. Ukuta wa tofali katikati, pale penye pazia. Nusu ya shangazi itapunguziwa kodi. Nusu ya pili ina mpangaji tayari. Kazi inaanza wiki ya tarehe ishirini.

"Hajati, wewe ni mtu mmoja," alisema kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma. "Huyu kijana ataondoka. Futi nane kwa nane zinakutosha."

"Mimi zinanitosha," akajibu shangazi. "Hizi je?"

Mzee akazitazama fimbo tisa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ilimchukua muda. "Hizo, nnyabo," akasema, kwa heshima ileile ya kumwita bibi, "si wapangaji wangu."

Futi kumi na mbili hazilali katika futi nane. Wanawake wanane wengine hawana ukuta. Hilo ndilo jambo lote.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimeandika waraka. Aya saba! Nimeanza na historia ya makazi ya wanyonge, nikapitia dhana ya mali ya pamoja, nikamalizia na madai matatu yasiyojadilika. Nikamsomea shangazi nikiwa nimesimama. Alisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani.

"Maneno mazuri, baba. Lakini yanamwita mpangaji mpya mwizi wa chumba, na mwenyewe hata godoro hajaleta."

Waraka ukakunjwa. Nikahamia hesabu. Ukivuka chumba cha nane kwa nane kutoka kona hadi kona, unapata futi kumi na moja na ushei. Haitoshi. Lakini — hapa nilipiga meza — kutoka kona ya sakafu hadi kona ya dari iliyo kinyume chake, unapata karibu futi kumi na nne! Zinaingia! Nimeikagua hesabu mara tatu.

Shangazi hakuniona nikipiga meza. Alikuwa anafunga kitenge. Binti wa dada yake amejifungua Jinja. Anaondoka kesho, anarudi Alhamisi, na bila yeye Jumatano wenzake hawavui. Akirudi atakuta jawabu limesimama mbele yake.

Jumapili, 12 Oktoba

Imefanyika. Nimezitoa zote kwenye vishikio, nikazivua mifuko ili bunda liwe jembamba, nikazifunga pamoja kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kwa nguvu, sehemu nne. Ndivyo tunavyofunga miti ya mabango kabla ya maandamano. Bunda langu halijawahi kufunguka njiani. Shina kwenye kona ya mlango, ncha juu pale pazia linapokutana na ukuta, zikivuka nusu yangu yote.

Kweli, kupika ni lazima niiname. Kuswali ni lazima nihesabu hatua. Lakini zimeingia!

Alhamisi, 16 Oktoba

Nina aibu. Naandika kwa ufupi.

Shangazi amerudi adhuhuri. Faridah na Nuriat walikuja naye kuona picha za mtoto. Akasimama mlangoni. Akakata mpira mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne — kwa kisu, polepole. Fimbo sita zikanyooka zenyewe. Tatu hazikunyooka. Siku nne za kuegemea, mpira ukizivuta, zimeshika umbo.

"Banange!" Faridah akapiga makofi. "Mwanasheria, fimbo yangu imesujudu!"

"Afadhali wewe," Nuriat akasema, akiiangalia yake kwa jicho moja. "Yangu imeishia kwenye rukuu."

Ya tatu ni ya shangazi.

Nikakiri mbele yao. Kosa ni langu, nimezifunga kama mabango. Nuriat akaniuliza, bila kejeli, mabango hukaa kwenye bunda muda gani. Nikasema, asubuhi moja, halafu hutupwa. Akatikisa kichwa taratibu.

"Basi hujawahi kuweka, mwanangu. Umewahi kubeba tu."

Mwaka mzima darasani sijasahihishwa hivi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Leo nimeshuhudia kazi! Shangazi amewasha sigiri uani asubuhi, akasubiri hadi makaa yakawa meupe. Akapaka fimbo ya Faridah mafuta ya simsim kwa kitambaa. Akaipitisha juu ya joto, si juu ya moto, kiganja kimoja juu kama mtu anayepiga pasi, akiizungusha bila kusita. Kila baada ya dakika akaiinua, akaitazama kuanzia shinani kwa jicho lililofumbwa nusu, akaikanda kwa goti. Kidogo. Tena kidogo. Mwanzi ukilia, anaacha. Jasho likamtiririka, hakulifuta, maana mikono ilikuwa na kazi.

"Ukitaka unyooke leo leo, utavunjika leo leo," akasema.

Kisha zote tatu zikaning'inizwa kwa ncha kutoka kwenye boriti, shina chini, chubwi zito la risasi limefungwa kwenye kila shina. Zitakaa hivyo siku mbili. Uzito wao wenyewe utamaliza kazi.

Nilitaka kuomba radhi tena. Akanipa kitambaa cha mafuta nikifue.

Na hii ndiyo hali ilivyo: zimepona, lakini hazina pa kulala. Fundi anakuja Jumatano.

Jumatatu, 20 Oktoba

Shangazi amemwita Mzee Sylvanus. Kwa chai! Nilijiandaa kwa makabiliano. Nikatumwa kununua mandazi.

Akamwonyesha vishikio vitatu. Akampa fimbo moja aishike mwenyewe, aone tumbo linavyoshuka akiibeba kwa ncha mbili. Mzee akaonekana kufurahi, kisha akakumbuka kwamba ni mwenye nyumba. Hapo shangazi akasema lake. Ukuta ujengwe, hana ubishi nao. Lakini mstari wa saba kutoka chini, karibu na ukuta mrefu, tofali moja lisiwekwe. Tofali moja tu. Vishikio viwili vitabaki kwake. Cha tatu kitahamia upande wa pili. Fimbo zitapita katika tundu, futi nane kwake, futi nne kwa jirani. Ndoano hazitavuka kamwe. Tundu litajazwa mito ya pamba ili sauti isipite. Na mwenye chumba cha pili apate ngege wawili kila wanapovua.

Nilisahau kutafuna. Mimi nilikuwa nimeufikiria ukuta kama adui wa kuangushwa. Yeye ameugeuza kishikio!

"Hajati," Mzee akasema, "mimi sina neno. Lakini huyu mpangaji alinitaka ukuta uliofungwa kabisa. Anafanya kazi zamu, analala mchana. Ukuta ni wake. Muulize yeye."

"Ni nani?"

"Anaitwa Ongom. Askari polisi. Anatoka kwenye kambi ya Naguru."

Chai ikanipalia.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimemwambia shangazi waziwazi. Haiwezekani! Fimbo za wanawake tisa, theluthi yake ilale juu ya kitanda cha polisi? Mwezi wa pili niliikimbia sare hiyo hadi kiatu kimoja kikabaki barabarani. Akiamua kuwakomoa, atazishika kwa ncha tu, na ncha ndiyo sehemu nyepesi kuvunjika kuliko zote.

"Ndiyo," akasema. "Kwa hiyo lazima awe mtu anayeombwa. Huwezi kumwekea mtu ncha kwa nguvu."

Akaendelea kuchambua mchele.

Jumatano, 22 Oktoba

Fundi Muhamadi ameanza. Vumbi kila mahali. Shangazi amezivisha fimbo mifuko miwili miwili na kuzihamishia uani, chini ya varanda, juu ya viti vitatu. Viti vitatu, umbali sawa. Mvua ikija tunazibeba watu wawili kwenda jikoni kwa jirani, nusu zikibaki nje ya mlango chini ya turubai. Imekuja mara mbili.

Mistari mitano imeinuka.

Alhamisi, 23 Oktoba

Ongom amekuja kuona chumba. Bila sare! Shati la mistari, kandambili, mkononi mfuko wa karanga. Mtu mzima, kama miaka arobaini na mitano. Alisimama juu ya kifusi akiutazama ukuta.

Shangazi akamweleza yote, kama alivyomweleza Mzee. Nami nilikaa kwenye kona na daftari langu, nikingoja kumsikia akinguruma.

"Mama," akasema, "sasa hiyo miti italala juu ya kichwa yangu?"

"Juu ya miguu, afande. Kitanda ukikigeuza, juu ya miguu."

"Na nikiota natembea?"

Faridah, aliyekuwa mlangoni na kikaango chake, akaangua kicheko. Ongom hakucheka. Akasema anatoka zamu saa moja asubuhi, na anachotaka maishani ni chumba kisicho na sauti ya mtu mwingine. Kambini walilala sita, pazia kwa pazia. Miaka kumi na nne. Akasema hivyo kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa. Akauliza fimbo hutolewa saa ngapi.

"Jumatano na Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri. Wewe hujarudi."

"Na kurudishwa?"

Shangazi angeweza kudanganya. Mimi ningedanganya! Ningesema jioni.

"Saa tano," akasema. "Utakuwa umelala. Tutaingiza polepole, lakini utasikia. Siwezi kukuambia hutasikia."

Ongom akamenya karanga tatu, nne. Kisha akasema hawezi kujibu mtu mmoja kwa jambo la watu tisa. Anataka kuwaona wote, kila mmoja aseme fimbo yake ni ipi, ajue ni nani atakayemwamsha. Baada ya hapo atajibu.

Ni haki. Inanisumbua kukiri, lakini ni utaratibu wa haki kuliko ule uliotumika kunifukuza chuoni.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mstari wa sita umemalizika. Muhamadi ameweka wa saba wote isipokuwa tofali la mwisho. Amelisimamisha juu ya ukuta, kavu, bila udongo.

"Jumatatu asubuhi nakuja na udongo, Hajati. Likiwa hapo, nalijenga. Likiwa chini, nalipita naendelea juu. Mimi sibishani na mtu."

Leo ni Ijumaa. Shangazi amezigeuza robo mzunguko huko huko varandani, juu ya viti. Nilimsaidia. Nilinawa kwanza.

Jumamosi, 25 Oktoba

Asubuhi wamevua. Wote tisa! Nimekwenda nao mara ya kwanza, nikabeba fimbo mbili begani kutoka njia kuu hadi ufukweni, nikijifunza kupinda kona bila kumchoma mtu jicho. Shangazi hakuvua sana. Alikuwa akizunguka kwa kila mmoja, akiongea kwa sauti ndogo. Faridah amesema akikatazwa ataipeleka fimbo yake kwa seremala iwe fimbo ya pazia. Alisema kwa mzaha, lakini aliishika ile sehemu iliyonyooshwa kwa moto, akaipapasa muda mrefu. Nuriat alisema yeye hakati. Yake ataisimamisha uani mvuani, ioze ikiwa nzima.

Tuliporudi nilimwambia shangazi kwamba nina hotuba. Fupi! Dakika nne, hakuna hata neno "madai". Akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Kesho kila mwenye fimbo atasema mwenyewe, baba. Wewe huna fimbo. Wewe utashika ncha upande wa pili wakati tunampitishia mgeni aone. Shika bila kubana."

Nilitarajia kuumia. Sikuumia. Nimekuwa nikitaka umati unisikilize tangu nikiwa na miaka kumi na saba, na leo mwanamke aliyeishia darasa la saba amenipa kazi ya kunyamaza, nami nimeipokea kama cheo. Yeye hajainua sauti hata mara moja tangu tarehe kumi. Ameinua fimbo tu.

Kisha akanituma kutangaza mkutano. Kazi hiyo naijua! Nimepita mlango kwa mlango: Mzee Sylvanus, jirani wa jikoni, fundi Muhamadi pale anapokunywa uji, wanawake wanane mmoja mmoja. Wote wamekubali.

Ukabaki mlango mmoja. Kile chumba cha pili bado hakina mlango, kuna gunia tu. Lakini Ongom alikuwa ndani, amekuja kupima mahali pa kitanda. Nikabisha kwenye fremu. Alikuwa amechuchumaa, akiangalia lile tofali kavu la ukutani. Alikuwa amelishusha ili aliweke sakafuni, au alikuwa amelitoa tu ili apime? Lilikuwa mkononi mwake. Sikuweza kujua analipeleka wapi.

"Wewe ndiye mwanafunzi," akasema. "Wa kipaza sauti."

Kumbe anajua. Miguu yangu ikataka kufanya ilichokifanya mwezi wa pili.

"Ndiyo, afande."

"Kesho unaongea?"

"Hapana. Nashika ncha."

Akafikiri juu ya hilo. Akaligeuza tofali upande wa pili, kama mtu anayetafuta ufa. Kupitia tundu niliona varanda, viti vitatu, na mkono wa shangazi ukipangusa, kutoka shinani kwenda nchani.

"Huo mkutano," akasema, "ni saa ngapi?"

Nimeitisha mikutano mingi maishani. Saa za mikutano hiyo nimeziandika kwa mafumbo, nimezinong'oneza, nimezibadilisha mara tatu kwa siku moja, na kila mara kwa ajili ya mtu mmoja tu: ili asizijue mtu kama huyu. Nikasimama wima. Nikamwambia.

Kesho, Jumapili, saa kumi kamili alasiri, hapa hapa uani.